Fungu la Moto

Binti yangu Nereida alianza kupaka vyungu dawa akiwa na miaka saba, na ni mimi niliyemfundisha. Mtaani kwetu La Luz, hapa mjini Puebla, kila mtoto alianza hivyo. Dawa hiyo ndiyo inayofanya chungu cha kupikia mole, mchuzi wetu mzito wa pilipili, king'ae. Ndani yake mna madini ya risasi. Tulijua ni sumu, lakini tulijua kama mtu anavyojua kwamba siku moja atakufa.

Alipofika miaka ishirini na sita, mkono wake wa kulia ukaanza kulegea. Kikombe kilimponyoka, nikamfokea. Cha pili kilipomponyoka, nikampeleka hospitali. Daktari alisoma majibu ya damu akasema, "Akiendelea na dawa hiyo, mkono huu hautapona. Na asifikirie kubeba mimba."

Nereida hakuwa na ujuzi mwingine. Akajiandikisha darasa la kuchora kwa kompyuta, na kwa miezi minane nilimwona akihamishia huko kila alichokijua. Alama za vidole tunazobonyeza kwenye mdomo wa chungu zikawa pambo la tangazo la mkate. Michirizi ya dawa ikawa herufi. Mwalimu wake aliniambia wenzake wanachora kwa macho, huyu anachora kwa viganja.

Don Anselmo, mwenye duka la uchapaji nyuma ya soko, akampa kazi moja ya majaribio: lebo ya chupa za mole za mteja wake, doña Hermelinda. Akifaulu, anaajiriwa. Asipofaulu, uani kwangu kulikuwa na vyungu mia mbili vya sikukuu ya wafu vikisubiri dawa, na wapakaji tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

Siku ya kubandika nilimsindikiza, nikasimama mlangoni. Lebo ilikuwa nzuri hadi nikaona aibu kuitazama sana. Mfanyakazi akaizungusha kwenye chupa. Ncha yake ikapanda juu ya mwanzo, ikafunika jina la Hermelinda. Ya pili vilevile. Na zilikuwa zimeshachapwa elfu moja.

"Binti, hukupima?" don Anselmo aliuliza.

"Nilipima kwa uzi."

"Halafu?"

Nereida akatazama vidole vyake. "Halafu nikaongeza vidole viwili."

"Vya nini?"

"Vya moto."

Kwetu mteja akitaka chungu cha shibiri mbili, tunafinyanga shibiri mbili na vidole viwili, kwa sababu udongo husinyaa tanurini. Hatufikirii. Mkono huongeza wenyewe.

"Bosi, washa jiko tuzioke!" mfanyakazi akacheka.

"Na chumvi usisahau," mwenzake akadakia.

Don Anselmo hakucheka. "Mchoro huu ni mzuri kuliko yote niliyowahi kuchapa, mwanangu. Lakini mimi nataka mtu ambaye sitalazimika kupima tena nyuma yake."

"Mpe siku moja tu, don Anselmo," nikasema. "Hatarudia."

"Doña Casilda, ningekuwa tajiri ningempa mwaka."

Tulipofika nyumbani Nereida alijifunga kitambaa puani, akavuta kigoda hadi kwenye ndoo ya dawa, akakaa.

"Toka hapo," nikamwambia.

"Mama, sikukuu imebaki wiki mbili. Peke yako hutamaliza."

"Nimesema toka."

"Sasa nani atapaka?"

"Hapana mtu."

Kulikuwa na nusu mfuko wa saruji uliobaki tulipoziba ukuta. Niliuburuta, nikaumimina wote ndani ya ndoo, nikakoroga kwa mti. Wateja wangu wa tangu miaka thelathini iliyopita hawanunui chungu kisichong'aa, nalijua hilo. Nereida alisimama akilia bila kujifuta.

"Mama, sasa tutakula nini?"

Niliendelea kukoroga. Saruji ilikuwa imeanza kuushika mti.