Bendera Iliyokaa Wazi Mno

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na moja. La, nadanganya, ulikuwa ishirini na mbili, maana barakoa zilikuwa zimeshageuka matambara ya kufutia meza.

Mwaka huo fundi simu mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiguu kwa sababu hakuwahi kumaliza chai akiwa ameketi, alibomolewa kibanda chake kupisha barabara. Akabaki na bisibisi zake, na mke ambaye subira ilikuwa inamwishia. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyekuwa akisomea kompyuta, alipomvuta kwenye mashindano ya kusaka bendera. Si bendera ya kitambaa: ni maneno machache yaliyofichwa ndani ya faili, au kwenye tovuti iliyotengenezwa makusudi ivunjwe. Ukiyapata unayatuma, unapewa alama. Kampuni moja ya ulinzi wa kompyuta iliahidi kuwaajiri wawili watakaoshinda. Kiguu alikuwa ameshamwambia mkewe, "Kazi hii naipata."

Waliketi kwenye ukumbi wa chuo, yeye akiwa nahodha. Sheria ilikuwa kwamba jibu likikosewa, swali linafungwa. Asubuhi aliona bendera kwenye ukurasa wa tovuti, akaituma mbiombio. Kumbe chambo. Swali likafungwa, na tangu hapo magoti yake hayakutulia chini ya meza.

Mchana walikuwa sare na vijana wa meza ya jirani, limebaki swali moja: picha ya mlango. Kiguu aliitazama kama simu iliyokufa. Kabla ya kufungua, kagua kwa nje. Akatoa kwenye faili kila herufi inayosomeka, akazipitia polepole kadiri alivyoweza. Mwishoni kabisa kulikuwa na herufi zimevurugika, zikiishia na alama mbili za sawasawa, zile za hesabu.

"Hayo ni maneno yamevalishwa nguo tu," shemeji alisema. "Tuyavue."

Wakayavua kwa programu ya kufumbua maandishi. Yakasomeka: mlango uko wazi.

"Tuma, shem!"

"Swali la mwisho liwe jepesi hivi? Wametutegea tena."

"Hata mtihani huwa na swali la bure."

"La bure ndilo lililotuponza asubuhi. Usiiguse!"

"Haya, nahodha kasema," shemeji akajibu, ameinua mikono juu kama mwizi aliyekamatwa.

Wakachimba. Walipekua rangi za picha nukta kwa nukta, wakatafuta faili nyingine iliyojificha ndani yake, wakajaribu nywila hadi vidole vikafa ganzi. Patupu. Kiguu akaenda kunywa maji, akarudi, akaenda tena bila kiu. Alikuwa huko bombani kengele ya mwisho ilipolia.

Aliporudi, vijana wa meza ya jirani walikuwa wanakumbatiana. Walikuwa wametuma maneno yaleyale, nayo yalikubaliwa.

Kiguu hakugomba. Njiani alitangulia, akarudi nyuma, akatangulia tena, hata shemeji akalalamika, "Shem, unanitia kizunguzungu."

Akasimama, mara ya kwanza siku hiyo, akamuuliza jambo ambalo mpaka leo shemeji hajamjibu:

"Nilipotoka kunywa maji, kompyuta ilibaki mikononi mwako, na moyoni ulijua ndiyo yenyewe. Mbona hukuituma?"