Koliva ya Mtu Aliye Hai

Mwacha asili ni mtumwa, na Stamatia Lekka hakutaka utumwa. Asili yake aliichonga kwenye kipande cha mpira, akaipaka wino na kuichapa karatasini: majani ya mzabibu yaliyofungwa wali, pweza kwenye kamba, mkate wa Pasaka wenye yai jekundu. Wagiriki wa mji wa Lowell, Marekani, walizitundika jikoni picha zake, na wengine walilia wakiwakumbuka bibi zao. Naye sifa alizipokea zote, hakurudisha hata moja.

Mwaka huu, kwa sikukuu ya kanisa, alitaka kumheshimu mama mkubwa Polixeni, dada wa marehemu mama yake na mpishi asiye na mpinzani mtaani. Akachapa picha kubwa kuliko zote: sinia la koliva, ile ngano ya kuchemsha ya kuombea wafu, imefunikwa sukari nyeupe, lozi pembeni, na katikati herufi mbili za jina la Polixeni. Akaitundika mlangoni mwa ukumbi, akasimama kando yake, kichwa kimemvimba.

Wa kwanza kuingia alikuwa Asimina, jirani wa Polixeni. Aliitazama picha, akapiga ishara ya msalaba mara tatu.

"Kumbukumbu yake idumu milele! Masikini Polixeni! Kafa lini, na jana tu nimemsikia anamfokea paka?"

"Nani kafa?"

"Uandike wewe, halafu uniulize mimi?"

Kabla Stamatia hajajibu, wanawake wawili walishamkumbatia kumpa pole, na mzee mmoja kavua kofia. Hapo ndipo Polixeni mwenyewe akaingia na trei ya baklava, vile vitamu vya lozi na asali.

"Nimekufa lini, Asimina? Na wewe hata kilioni hujaja!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Stamatia alitamani ardhi ipasuke immeze. Muuza asili asiyeijua! Polixeni, trei bado mkononi, akamwingiza jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu, zile herufi juu ya koliva ulidhani huwa za nani?"

"Za mpishi," Stamatia alisema kwa sauti ndogo. "Kama mimi ninavyotia sahihi chini ya picha."

Polixeni hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ni za marehemu. Tangu lini mpishi akajisifu kwa chakula cha wafu? Koliva ya mama yako, ya siku arobaini, niliipamba mwenyewe. Ungekuwepo ungeziona herufi zake. Lakini ulikwama Chicago kwa theluji ile, ndege hazikuruka, tungefanyaje?"

Hakuwa akimpiga kijembe. Aliamini kabisa, kama ukoo mzima ulivyoamini kwa miaka mitatu, na hilo ndilo lililomchoma Stamatia kuliko kicheko cha ukumbini. Ilitosha kuitikia kwa kichwa tu, mambo yakaisha. Akashindwa kwa haya.

"Ziliruka, mama mkubwa. Hakukuwa na theluji. Kulikuwa na maonyesho kule, watu wananunua sana. Nikabaki kuuza picha."

Polixeni aliiweka trei mezani, polepole.

"Picha gani?"

Stamatia alitazama sakafu.

"Za mapishi ya mama."