Kungoja Wakubwa Nyuma ya Stesheni

Baba alikuwa na nyumba ya wageni nyuma ya stesheni ya zamani ya Dodoma. Wasafiri walipopungua, vyumba vikabaki vitupu, nami, binti yake pekee, nikabaki humo kumtunza. Nilikuwa na kiwanja changu Nzuguni, pembezoni mwa mji, nilikotaka kujenga, lakini asingekubali kuhama wala kubaki peke yake.

Treni ya umeme ilipoanza, aliamini mtaa wetu utafufuka. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kondoa akaja kutaka kuinunua nyumba, baba akamkatalia.

"Tulia, mwanangu," aliniambia. "Wakubwa wanakuja, wale wa kununua kwa bei kubwa na kujenga maghorofa."

Hawakuja. Maghorofa yaliota karibu na stesheni mpya, kwenye viwanja vilivyokuwa wazi. Yule wa Kondoa naye akajenga huko. Masika yalipofika, paa letu likavuja hadi kitandani kwangu.

"Baba, tuite fundi."

"Unatengenezaje nyumba itakayobomolewa?"

"Nani ataibomoa, baba?"

Nikachukua mabati niliyokuwa nimeyanunua kwa ajili ya nyumba ya Nzuguni, nikaita fundi. Yalitosha chumba changu tu. Jioni baba aliniomba nihamishie kitanda chake humo. Nikakihamisha, kisha nikapeleka changu kwenye chumba chake, nikatafuta kona isiyovuja.