Miguu ya Mume Wangu

Niliolewa milimani nikitokea ziwani, na huko Maguu, kijijini kwa mume wangu, hilo peke yake lilitosha kukufanya mtuhumiwa. Watu wa milimani ni watani wetu. Sisi huwaambia wanaogopa maji hata ya kunawa, nao hutuambia tumelelewa kwa muhogo, ndiyo maana kilima kidogo tu kinatutoa ulimi. Nilizoea. Kwetu ni Kihagara, watu wa kanisa la Anglikana na wa usipa, dagaa wa ziwa letu. Kwa mume wangu ni Wakatoliki wa kahawa na maharage. Tulipooana, wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba Mungu ni mmoja ila mboga ni tofauti.

Mume wangu alikuwa mpanda baiskeli. Simaanishi kwamba alikuwa na baiskeli, maana hiyo kila mwenye shamba la kahawa alijitahidi kuwa nayo. Yeye alikuwa akilipwa kuipanda. Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, chama cha ushirika kikawa kinasinzia, na makampuni binafsi yakamiminika Mbinga kununua kahawa, kila moja na mizani yake na spika yake ya kupiga muziki mlangoni. Kampuni mojawapo iliandaa mashindano ya baiskeli ili wakulima waijue. Mume wangu wakati huo alikuwa akipandisha samaki wakavu kutoka ziwani kwa baiskeli ya kawaida, nzito kama kitanda. Siku ya mashindano aliwaacha wenzake mbali kiasi kwamba watu walidhani mambo yamekwisha, wakaanza kutawanyika kabla wa pili hajafika.

Kampuni ikampa baiskeli ya gia, fulana yenye picha ya punje ya kahawa, na mshahara. Wakamwita Songea, kisha Iringa, kisha Dar es Salaam. Redio ikamtaja. Kinyozi mmoja wa Mbinga alibandika picha yake ukutani kuvutia wateja, ingawa mume wangu alikuwa na upara tangu ujana. Mimi nilikuwa nikienda sokoni natembea katikati ya njia.

Huko Dar es Salaam aliwashinda watu wa mjini, na watu wa mjini hawakuzoea kushindwa na mtu mwenye soksi za mitumba. Gazeti likaandika kwamba anatuhumiwa kutumia dawa za kuongeza nguvu. Walikuwa wamemchukua mkojo. Tuliambiwa umepelekwa nje ya nchi kupimwa, na mpaka leo haujarudi. Mama mmoja muuza nyanya aliniuliza kwa uchungu kabisa, inakuwaje mkojo wa mtu unapanda ndege wakati mama yake mzazi hajapanda hata lori.

Gazeti lilipofika Mbinga na basi la Songea, nilijiandaa kupokea aibu. Nilinoa ulimi usiku na mchana. Nilijua atakayenitangulia kusema nitamjibu nini, na atakayefuata, na shangazi zao wote. Basi nikashuka sokoni nimefunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda vitani, na mtu wa kwanza kukutana naye, fundi baiskeli wa pale stendi, akainuka kwenye gurudumu lake na kunipa mkono.

"Shemeji, hongereni sana," akasema.

"Hongera ya nini? Hujasoma gazeti?"

"Nimesoma. Nimesomewa pia. Dawa mpaka Wazungu wanaihangaikia! Mzee mzima ametutoa kimasomaso."

Nikasimama pale na maneno yangu yote mdomoni, hayana pa kwenda. Ndivyo ilivyokuwa wiki ile yote. Hakuna aliyetutukana. Wilaya nzima ilikuwa na furaha. Timu za mpira zilikuwa na dawa zao, wafanyabiashara walikuwa na zao, hata wanaogombea udiwani inasemekana hawakwenda mikono mitupu. Sasa na sisi tulikuwa na mtu ambaye dawa yake ilikuwa kali kuliko za Dar es Salaam. Hao walioshindwa, watu walisema, si kwamba hawakutumia. Walitumia ya bei nafuu.

Mume wangu alikana. Alikana stendi, alikana kilabuni, alikana kwenye foleni ya kupima kahawa. Lakini kwetu sote, wa ziwani kwa wa milimani, dawa ina miiko, na mwiko wa kwanza ni kutoitaja. Mwenye dawa hukana. Kwa hiyo kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, na walimsifu kwa namna anavyojua kukana. Jumapili moja aliomba ruhusa baada ya misa, akasimama mbele ya kanisa na kuapa kwamba hajawahi kuonja mzizi wala kidonge. Watu wakapiga makofi. Katekista akatufuata njiani, akauliza kwa sauti ya chini kama dawa hiyo inaruhusiwa kutumika wakati wa Kwaresima.

Tena wakaanza kuja nyumbani. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa ziwani, na kila mtu milimani anajua kwamba dawa zote nzito hutoka ziwani, hawakwenda kwa mume wangu. Walikuja kwangu jikoni. Mwalimu wa michezo alitaka kidogo tu kwa ajili ya timu ya mbio za kijiti. Jirani yangu aliiomba kwa niaba ya mumewe, ambaye alikuwa akilala mno msimu wa palizi. Mwenye lori la kubebea kahawa alikuja na chupa tupu, akaniambia gari lake linakataa kilima cha mwisho, akauliza kama ile dawa inaweza kuchanganywa na dizeli. Nilimjibu kwamba gari lake halihitaji dawa, linahitaji mazishi. Akacheka, akaiacha chupa pale pale, endapo nitabadili mawazo.

Mimi nilicheka. Nakiri nilicheka sana wiki zile. Mume wangu hakucheka, na pole pole nikaona kwamba haya si mambo ya kucheka kwake. Alikuwa mtu asiye na shamba kubwa, asiye na elimu ya kutosha kukaa mezani. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakupewa na mtu.

"Kilima cha kutoka ziwani nilikipanda na samaki nyuma tangu sijaota ndevu," aliniambia. "Nimetapika pale. Nimelia pale. Sasa kilima chote kile kimekuwa mzizi."

Akaipandisha baiskeli ya gia darini juu ya jiko, kati ya mahindi ya mbegu, akasema haishuki mpaka mtu mmoja, mmoja tu, amwambie usoni kwamba alishinda kwa miguu yake. Nikamwambia, mimi nakuambia. Akasema, wewe ni mke wangu, hiyo ndiyo kazi yako. Wakala wa kampuni akaja na pikipiki, akatangaza kwamba mashindano ya Songea yanakaribia, na kwamba asipokwenda, baiskeli na fulana vitapewa mtu mwingine. Habari ya dawa haikumsumbua hata kidogo, alisema inauza. Mume wangu akamkaribisha uji, wakanywa, lakini kushusha baiskeli hakushusha.

Hapo ndipo baba mkubwa wake, mkuu wa ukoo, alipoitisha sengu. Sengu ni desturi ya huko: wanaume wa ukoo hukusanyika kwa mkubwa wao, wakala chakula cha kila nyumba kwa pamoja na kusemezana yaliyo moyoni. Miaka ile ilikuwa imeshaanza kufa, kila mtu anakula kwake na kufunga mlango, kwa hiyo ilipoitishwa nilijua jambo ni zito. Mume wangu alikwenda akiwa na matumaini. Alidhani ukoo utamsimamia.

Sisi wanawake tulikuwa jikoni tukipakua, na ukuta wa jiko la milimani hauzuii neno. Baba mkubwa alianza kwa upole.

"Mwanangu, hatukukuita kukukemea. Umetupa jina. Ila tunakuuliza: mbona unakula peke yako?"

"Nakula nini, baba?"

"Hiyo dawa. Mahari yako tulichanga wote. Kilichoingia nyumbani kwako ni cha ukoo. Wadogo zako nao wana miguu."

Sauti zikaunga mkono. Nilichungulia nikamwona mume wangu ameinamisha kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepigwa na ndugu zake huku wakimkumbatia. Nilisikia hasira mpaka masikioni. Nilikuwa nimeshaweka upawa chini niende kuwapasha, ugeni wangu na uanamke wangu vyote pembeni, lakini mama mkwe wangu alinitangulia. Aliinua chungu cha maharage, akatoka nacho, akasimama katikati ya wanaume.

Inafaa mjue alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mdogo, mkavu, mchache wa maneno. Alimlea mume wangu peke yake, akilima ngoro kwenye miteremko, yale mashimo ya watu wa huko ambayo mwanamume hulaza nyasi na mwanamke hufukia. Yeye alilaza na kufukia mwenyewe.

"Dawa aliyokunywa mwanangu naijua," akasema. "Mimi ndiye niliyempa."

Mume wangu akainua kichwa. Baba mkubwa akatabasamu, akasogea kwenye kigoda chake. Hatimaye!

"Tueleze, mama."

"Niliipata Kihagara, siku tulipokwenda kumposa huyu." Akanionyesha kwa kidevu, na mimi kule mlangoni nikataka ardhi inimeze, maana kumbe ziwa lilikuwa na hatia kweli. "Kwa bibi mmoja wa kule. Kila alipoitwa mbali, nilimtilia kwenye uji asubuhi ya kuondoka. Iringa nilitia. Dar es Salaam nilitia mara mbili."

"Na ni dawa ya mbio?"

"Mbio!" Alisema hivyo kama mtu anayetema mbegu. "Ni dawa ya kutuliza mtu. Miguu inakuwa mizito, mtu hapendi mbali, anakaa kwao."

Mwanamume mmoja akaguna, mwingine akaanza kuhesabu kwa vidole miji ile aliyoshinda. Baba mkubwa alikuwa bado analipima jambo lile kichwani.

"Ina maana," akasema taratibu, "alikuwa akishinda huku dawa inamvuta nyuma?"

Basi palilipuka. Walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye benchi. Kama wale mabwana wa Dar es Salaam kweli waliona kitu katika mkojo ule, walichokiona ni mapishi ya mama mkwe wangu. Wakampiga mume wangu mabegani, wakasema, bila kizuizi kile angefika Nairobi kabla ya chai. Alikuwa amepata alichokitaka, tena kwa ukoo mzima. Lakini hakuwa akiwatazama wao.

"Kwa nini, mama?"

Mama mkwe alikuwa bado ameshika chungu. Nadhani kilikuwa kinamuunguza.

"Baba yako alikwenda kukata mkonge Tanga wewe ukiwa unatambaa. Alisema anarudi baada ya msimu," akasema. "Na yeye aliondoka kwa miguu. Wewe una magurudumu."

Mume wangu akainuka, akampokea chungu, akakiweka chini, akashika ile mikono midogo akaitazama viganja. Mimi nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Nilikuwa nimeishi na yule mama miaka yote ile nikidhani hapendi mwanawe ashinde kwa sababu ya gharama ya sabuni ya fulana.

Kesho yake baiskeli ya gia ilibaki darini. Mume wangu alitoa ile ya zamani ya samaki, akafunga gunia lililokunjwa kwenye keria, akamwambia mama yake apande. Alikataa. Hajawahi kupanda baiskeli, alisema, na hana nia ya kufa mbele ya majirani. Akapanda. Alikaa upande, ameshika shati la mwanawe kwa mikono miwili, na tulimsikia akipiga kelele mteremko mzima wa kwenda Mbinga, akiwaita watakatifu mmoja mmoja. Nilikaa barabarani nikichambua maharage ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa. Majirani nao walikuja na kazi zao zisizo na haraka, fundi baiskeli akapanda kutoka stendi na kisingizio cha kutafuta spoki, na yule mwenye lori akaegesha pale pale.

Jua lilikuwa bado juu waliporudi. Tuliwaona kwanza kwenye kona ya chini, mume wangu amesimama juu ya pedali, jasho linamchuruzika mpaka viwikoni, baiskeli inayumba, na mama nyuma yake kimya kabisa. Kilima kile watu hushuka wakasukuma. Hakushuka. Alipofika mlangoni alilala chini kwenye vumbi, mikono wazi, hawezi kusema.

Mwenye lori akamsogelea mama mkwe wangu, amevua kofia.

"Shikamoo mama. Enhe? Leo ulimtilia nini?"

Mama mkwe wangu alikuwa anakung'uta khanga yake. Alimtazama mwanawe pale chini, kisha akatutazama sisi wote.

"Sikutia kitu," akasema. "Nimekaa nyuma yake mlima mzima, sikio mgongoni. Ni kuhema tu."