Wasifu wa Baba Mdogo kwa Nakala Tatu

Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, alipofariki, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Wengine walipewa kazi zinazoonekana: kuchimba kaburi, kupasua kuni, kufunga turubai. Mimi nilipewa kiti cha plastiki na kivuli.

Nilifurahi kuliko inavyofaa msibani. Riziki yangu ni kuandaa miongozo ya wakulima wa kahawa wa Mbozi, na nina mtindo ambao nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza habari zake. Naandika faili moja tu, maandishi matupu, na kila kipande nakibandika lebo: hiki kichwa cha habari, hii aya, hii orodha. Kisha nafungua ile skrini nyeusi isiyo na picha wala vitufe, naandika amri ya mstari mmoja, na faili lile lile linatoka kama kijitabu, kama nakala ya simu, kama ukurasa wa mtandaoni. Ukisahihisha neno mara moja, limesahihishwa kote.

Kwa baba mdogo nilipanga nakala tatu: karatasi ya msomaji, kipeperushi cha kugawia waombolezaji, na nakala ya simu kwa ndugu walio mbali. Mzee wa kanisa ambaye husoma wasifu kwenye mazishi ya kwetu Chapwa alinionya mapema.

"Mwanangu, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Ukinipa wa pili, nauzika na marehemu."

Lakini baba mdogo aliishi pande zote mbili za mpaka. Basi kila kilichohusu Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikakibandika lebo ya "kule", nikaiagiza kompyuta iviondoe vya "kule" kwenye karatasi na kipeperushi, ibakishe vyote kwenye simu. Ukatoka ukurasa mmoja kamili. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Asubuhi ya mazishi niliipeleka karatasi kwa mama mdogo, mjane wake, aliyekuwa ameketi ndani kwenye godoro na wanawake wenzake.

"Nisomee."

"Nimeshaichapa, mama."

"Sijauliza kama umeichapa. Nisomee."

Nikasoma. Nilipofika kwenye watoto, akawa anakunja vidole. Nikamaliza, yeye akabaki amekishika kidole kimoja ambacho hakijakunjwa.

"Sita," alisema. "Mimi nina saba."

Wa saba, ambaye kwa kuzaliwa ndiye wa kwanza, alikuwa uani akisonga ugali wa waombolezaji. Baba mdogo alimzaa na mwanamke wa Nakonde kabla ya ndoa. Mama mdogo alimpokea hajaanza kutembea, akamlea, na alipokua akaolewa huko huko Nakonde. Nami, kwa elimu yangu ya chuo kikuu, nilimbandika "kule", lebo ya mahali anapolala.

"Ni mashine tu, mama," nilijitetea.

"Mashine hiyo," alidakia bibi mmoja ukutani, "nani aliiambia kwamba yule ana mama mwingine?"

Wanawake wakaguna. Mama mdogo hakupandisha sauti. Kwetu, watoto huitwa kuweka mashada kwa kufuata karatasi ile, mmoja mmoja, mkubwa akitangulia. Asiyeandikwa haitwi. Na upande wetu wa baba walikuwapo watu ambao kwa miaka walinong'ona kwamba yule kwa mama mdogo ni mtoto wa kufikia tu.

"Nilimwambia mimi ndiye mama yake," alisema. "Asipoitwa leo, atajua nilimdanganya."

Nilikimbia na kompyuta kwapani, kwa kadiri tumbo langu lilivyoruhusu, nikapenya kati ya malori yaliyopanga foleni ya mpakani hadi kwenye duka la stesheneri. Dada wa dukani alichungulia skrini yangu.

"Baba, hii kompyuta imekufa?"

"Hapana, ndivyo inavyofanya kazi."

"Pole sana."

Nilifuta lebo moja, nikampandisha binti juu ya orodha, nikatoa amri. Ukurasa wa msomaji ukazidi mistari miwili. Nikatafuta cha kupunguza na nikakipata haraka: sentensi iliyoeleza jinsi marehemu alivyojivunia mtoto wa kaka yake aliyefika chuo kikuu. Niliifuta bila maombolezo. Amri moja tena, na nakala zote tatu zikatoka zikitaja watoto saba.

Namshukuru mtu nisiyemjua aliyeandika programu ile akaigawa bure. Lakini namshukuru zaidi mama aliyekataa kupokea karatasi kabla ya kuisikia. Tangu siku hiyo sipeleki mwongozo wowote kwa wakulima bila kwanza kusoma kila nakala kwa sauti, na wanaonisikia kupitia dirisha wamezoea.

Niliporudi, mama mdogo alinitaka nisome tena. Safari hii hakuhesabu. Alisikiliza jina la kwanza kwenye orodha, akasema, "Asante, baba. Mpelekee mzee."

Makaburini mzee wa kanisa alisoma ukurasa wake mmoja, kisha akaanza kuwaita watoto. Jina la kwanza lilipotajwa, binti alibaki amesimama na shada mkononi, akimtazama mama mdogo.

"Unangoja nini?" mama mdogo alimwambia, kwa sauti iliyowafikia wote upande wetu. "Wewe ndiye mkubwa. Wadogo zako wanakusubiri."

Akaenda, na wale sita wakapanga mstari nyuma yake.