Vifaranga wa Shangazi Kavira

Shangazi Kavira hakujua kusamehe, na sitamsingizia wema asiokuwa nao. Tusi la mwaka juzi alilikumbuka pamoja na nguo uliyovaa siku ulipolitoa.

Alikuja Bunia kutoka Butembo, mjane, baada ya kuzika mume na watoto wawili wachanga. Akapata nyumba mtaa wa Ngezi, akafuga kuku. Jirani yake alikuwa Pétronille, mama aliyetoka Mahagi, aliyeuza samaki wa ziwani. Mwanzoni walipendana. Pétronille alikuwa akikung'uta magunia yake, na ule unga wa visamaki vilivyokaushwa kwa jua akampa shangazi bure. Shangazi aliuchanganya na unga wa mahindi, na vifaranga wake wakanenepa mpaka watu wa avenyu, barabara yetu nzima, wakawa wanasimama kuwatazama.

Kisha siku moja kuku waliruka uzio na kuparuaparua samaki wa Pétronille kwenye mkeka. Pétronille alitoka na fimbo, ila ulimi wake uliumiza zaidi.

"Batoto ya tumbo yako ilikushinda kuchunga! Sasa kuku njo utaweza?"

Shangazi aliweka chini ndoo ya maji aliyokuwa ameishika.

"Pétronille, kuanzia leo usiniongeleshe tena. Hata bonjour, sitaki. Utaniona na macho tu."

Siku ile aliapa kwamba atajaza kuku uani, waende, warudi, wawike, mpaka yule mwanamke achoke kuwaona. Nami niliyekaa naye nilimuunga mkono. Tusi la namna ile halioshwi kwa maji.

Ila unga wa samaki sasa ungetoka wapi? Kwa Pétronille hakuendeki tena. Shangazi alinunua sokoni vichwa vya samaki wa chumvi, akavitwanga. Mtu alipomuuliza kuhusu chumvi, alicheka. Ng'ombe wote wa nchi hii wanalambishwa chumvi, na wananenepa; kuku atadhurika na nini?

Vifaranga wakaanza kufa. Jioni walikuwa wanakimbizana, asubuhi wamelala chali, miguu inapiga hewa. Hakuna kidonda, hakuna kamasi wala kuhara. Walikunywa maji kama waliokula moto, wakapepesuka, wakaanguka. Shangazi aliwapa majani machungu, akahamisha banda, akawaombea. Wakaendelea kufa.

"Tangu tugombane njo wanakufa," aliniambia, macho mekundu. "Pétronille iko anatupa kitu humu. Anataka watu waseme mukono yangu inaua kila mutoto. Atanilipa!"

Kweli hesabu yake ilikuwa imenyooka. Ugomvi kwanza, vifo baadaye. Hata mimi nilimwamini, na nilikuwa tayari kumrushia Pétronille mawe.

Kwetu anayekupa chakula hukionja kwanza, kuonyesha hakina sumu. Shangazi aliugeuza mtindo huo kuwa mtego. Alimwita Muzee Katsuva, mkuu wa avenyu, akawaita na majirani. Akajaza bakuli chakula cha vifaranga, akamsogezea Pétronille mbele ya wote.

"Kama haukutia kitu, onja."

Pétronille hakusita. Alichota, akatafuna taratibu, akameza. Kisha akaomba maji, akanywa kikombe kizima.

"Chumvi," akasema. "Sumu haiko humu. Iko chumvi tu. Kwa ng'ombe ni dawa, kwa katoto ka kuku ni kifo. Nilikuona siku ya kwanza unatwanga vile vichwa."

Muzee Katsuva alishtuka. "Uliona? Na ukanyamaza?"

"Alinikataza kumuongelesha. Hata bonjour. Nikamuheshimu."

Wanawake wawili, chuki moja, na vifaranga ndio waliolipa. Nilimchukia Pétronille siku ile kuliko siku ya tusi.

Shangazi alimwaga bakuli ndani ya choo. Ndani ya banda walikuwa wamebaki vifaranga watano, midomo wazi. Kisha akachukua beseni tupu, akaenda kwenye uzio.

"Bonjour, Pétronille."

"Sijasikia."

"Bonjour, Pétronille!" Sauti ilifika barabarani.

Pétronille akaleta unga wake wa samaki, akajaza beseni. Shangazi hakusema asante.

Watano wale walipona. Siku ya Noeli shangazi alimfunga miguu jogoo mmoja wa wale watano, mkubwa kuliko wote, akampeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa Pétronille, akamweka miguuni pake.

"Huyu ni mutoto mukono yangu ilichunga," akasema. "Muchinje, kama utaweza."

Pétronille hakuweza. Jogoo yule alikaa uani kwake miaka, akimwamsha kila alfajiri, na upande wa pili wa uzio shangazi alikuwa ameshaamka zamani, anamsikiliza.