Firigisi ya Mkwe na Kamera Zangu Tatu

Mimi hurusha sherehe mubashara mtandaoni, na kiburi ninacho. Jumamosi iliyopita, hapa Milanzi, mama wa binti aliyekuwa anaposwa aliniambia, "Mwanangu, simu moja kwenye stendi inatosha. Bibi yake yuko Chala, miguu inamsumbua, anataka kuona tu."

Nikamwona mshamba. Nikafunga kamera tatu, kila moja na kipaza sauti chake, zote kwenye kompyuta yenye programu inayojichagulia picha: sauti inakotoka, kamera ya huko ndiyo inaonekana. Ya kwanza kwa wenyeji, ya pili kwa wageni, ya tatu kwenye meza ya chakula. Sasa kama mashine inajiendesha, mimi nikodolee kompyuta ya nini? Nikasogea kwenye chakula.

Katekista akasema tusali kimyakimya. Watu wakainama. Nikafunua bakuli la kuku aliyetengewa baba wa mposaji, nikachukua firigisi. Ilikuwa ngumu kidogo, nikaitafuna kwa bidii.

Baada ya amina, mzee akafunua bakuli, akapekua, akalifunika tena taratibu. Mkwe kupewa kuku asiye na firigisi ni dharau. Macho yote yakamgeukia mpishi, naye akaanza kulia. Nami nikatikisa kichwa pamoja na wengine, kwa masikitiko.

Simu ya mama ikaita. Alikuwa bibi wa Chala. Mama akaweka spika.

"Mwacheni mpishi," bibi akasema. "Huku tumesali sala nzima tukimtazama huyo wa kamera akitafuna."